Maunzi ya kompyuta

Maunzi ya kompyuta ni sehemu zote za kompyuta zinazoonekana na kushikika: kichakataji, ubao mama, kumbukumbu, diski, kigavi cha umeme, kibodi, skrini, nyaya na sanduku linalozibeba. Sehemu hizi hutofautishwa na programu, yaani maagizo yanayoiongoza mashine. Programu haishikiki, lakini haina pa kukaa wala pa kutendeka pasipo maunzi. Nayo maunzi bila programu hayafanyi lolote zaidi ya kula umeme na kutoa joto.

Tofauti hiyo ina faida kwa mtumiaji. Kompyuta inapogoma, swali la kwanza ni kama tatizo liko kwenye programu au kwenye maunzi, na kama ni maunzi, ni sehemu ipi. Mara nyingi mashine inayosemwa kuwa imekufa ina sehemu moja tu iliyoharibika, na si ajabu sehemu hiyo ikawa ya bei ndogo kuliko zote. Kwa mtu anayeishi mbali na mafundi, kwa mfano mkazi wa Rangwi katika wilaya ya Lushoto, juu kwenye Milima ya Usambara, kujua jambo hilo kunaweza kuokoa nauli ya kwenda na kurudi mjini pamoja na bei ya mashine mpya.

Majina

Neno maunzi lina undugu na kitenzi kuunda. Mashine yenyewe nchini Tanzania huitwa kompyuta. Vitabu vya shule nchini Kenya hutumia pia tarakilishi, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili. Ngamizi lilipendekezwa pia, lakini halikuenea. Sehemu nyingine zina majina zaidi ya moja: kibodi huitwa pia baobonye, na kipanya huitwa puku au kiteuzi. Kompyuta ya kubebeka ni kompyuta mpakato katika maandishi rasmi, lakini mitaani ni laptopu.

Jina moja huleta mkanganyiko wa kweli. Watu wengi huliita sanduku zima la kompyuta ya mezani "sipiyu". Kwa haki yake jina hilo ni la kichakataji peke yake, kipande kinachotoshea ndani ya kiganja cha mtoto. Mteja akimpigia fundi simu na kumwambia kwamba sipiyu imeungua, fundi hawezi kujua kama kilichoungua ni kigavi cha umeme, ubao mama au kichakataji chenyewe. Hiki cha mwisho ndicho huharibika mara chache kuliko vyote.

Wazo la msingi

Kompyuta ya kidijitali hutambua hali mbili tu za umeme: volteji ya juu na volteji ya chini. Hali hizo huandikwa 1 na 0. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti, na biti nane huunda baiti. Baiti moja inaweza kupangwa kwa namna 256 tofauti, idadi inayotosha kuipa kila herufi ya Kiswahili, kubwa na ndogo, namba yake. Herufi kubwa R, kwa mfano, ni namba 82, ambayo kwa biti huandikwa 01010010. Neno "Rangwi" lenye herufi sita huchukua baiti sita, yaani biti 48. Kiswahili kina nafuu hapa, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu na kila herufi hutoshea katika baiti moja. Katika mfumo uleule wa kuandika unaotumika zaidi leo, herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili na ya Kiamhari baiti tatu.

Kinachobadili hali kutoka 0 kwenda 1 na kurudi ni transista, swichi ndogo isiyo na kipande kinachosogea: umeme mdogo unaoingia upande mmoja huruhusu au kuzuia umeme mwingine kupita. Transista ilibuniwa mwaka 1947 katika maabara za kampuni ya Bell nchini Marekani na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley. Kabla yake kompyuta zilitumia vali za kioo zilizofanana na balbu. ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilikuwa na vali karibu 18,000 na uzito wa tani 30 hivi.

Mpangilio wa kompyuta nyingi za leo ulielezwa na mwanahisabati John von Neumann mwaka 1945. Kiini chake ni kwamba maagizo na taarifa hukaa mahali pamoja, katika kumbukumbu moja, na kichakataji huyachukua humo agizo baada ya agizo. Hii ndiyo sababu mashine ileile inaweza kuandika barua asubuhi na kupiga hesabu za chama cha ushirika jioni: kinachobadilika ni maagizo yaliyomo kwenye kumbukumbu, si maunzi.

Mfano wa fundi cherehani unasaidia kuona uhusiano wa sehemu hizo. Cherehani ndiyo kichakataji: kazi yote hupita chini ya sindano yake. Meza iliyo mbele ya fundi ni kumbukumbu, ambapo huwekwa vitambaa vya kazi inayoendelea sasa. Kabati la nyuma ni diski, ambamo vitambaa vyote hukaa hata duka likifungwa. Meza ikiwa ndogo, fundi atashinda akiinuka kwenda kabatini, na kazi itachelewa hata kama cherehani ni mpya.

Kichakataji

Kichakataji ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi sana zilizochorwa juu yake kwa mwanga na kemikali. Kichakataji cha kwanza kuuzwa kikiwa kipande kimoja, Intel 4004 cha mwaka 1971, kilikuwa na transista 2,300. Vya leo vina mabilioni.

Kazi yake hurudia hatua zilezile. Kwanza huleta agizo kutoka kwenye kumbukumbu. Kisha hulifasiri, yaani hutambua ni agizo la aina gani na linahusu namba zipi. Halafu hulitenda, na mwisho huandika jibu mahali pake. Agizo lenyewe huwa dogo mno: jumlisha namba hizi mbili, linganisha ipi ni kubwa, ruka hadi agizo fulani ikiwa jibu ni sifuri. Hakuna agizo moja linalosema "onyesha picha" au "sahihisha tahajia". Mambo hayo makubwa hutokana na mamilioni ya hatua ndogo zinazofuatana kwa kasi.

Kasi hiyo huongozwa na saa ya ndani inayopiga mapigo. Kichakataji cha gigahezi 3 hupokea mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Katika muda wa pigo moja, mwanga husafiri sentimita 10 tu, na umeme kwenye waya huenda polepole kuliko mwanga. Ndiyo maana sehemu za kompyuta hubanwa karibu karibu, na ndiyo maana ndani ya kichakataji kuna kumbukumbu ndogo ya akiba inayoshika taarifa zinazotumika mara kwa mara ili zisifuatwe mbali.

Namba ya gigahezi hupendwa sana na wauzaji, lakini peke yake haitoshi kulinganisha mashine mbili. Kichakataji cha Pentium 4 kilifika gigahezi 3 mwaka 2002, na leo kichakataji cha gigahezi 2 hukiacha mbali, kwa kuwa hukamilisha maagizo mengi zaidi katika kila pigo na huwa na viini kadhaa, yaani vichakataji kadhaa vilivyowekwa ndani ya kipande kimoja.

Ubao mama

Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, ni bamba kubwa lenye njia za shaba zinazounganisha sehemu zote. Juu yake kuna tundu la kichakataji, nafasi za kumbukumbu, soketi za diski na matundu ya USB. Kuna pia kipande kidogo cha kumbukumbu ya kudumu chenye programu ya kuwashia, inayojulikana kwa jina la BIOS au, katika mashine mpya zaidi, UEFI.

Karibu nayo hukaa betri ya duara inayofanana na sarafu, kwa kawaida ya volti 3 na yenye alama CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa ya kompyuta wakati mashine imezimwa. Betri hiyo huisha baada ya miaka kadhaa, na kuisha kwake huleta ugonjwa unaowababaisha watu. Kompyuta huwaka vizuri, barua zinaandikika, lakini tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka. Sababu ni kwamba tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha; kompyuta inayoamini kuwa huu ni mwaka 2010 hukiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, hivyo hukikataa. Wengi hudhani intaneti ni mbovu au kuna virusi, wakati dawa ni betri ya bei ndogo na kurekebisha saa.

Kumbukumbu

Kumbukumbu kuu, maarufu kama RAM, ni vijiti vyembamba vyenye vipande vyeusi, vinavyochomekwa kwenye ubao mama. Ndani yake kila biti hushikwa na kapasita ndogo mno, ambayo ni kama kikombe cha kutunza chaji ya umeme: kikiwa kimejaa ni 1, kikiwa kitupu ni 0. Kikombe hiki kinavuja. Chaji yake hupungua haraka kiasi kwamba mashine hulazimika kusoma na kujaza upya vikombe vyote kila baada ya muda usiozidi milisekunde 64 hivi, usiku na mchana, maadamu inawaka.

Hapo ndipo penye sababu ya msiba unaofahamika katika ofisi na shule nyingi. Umeme ukikatika, ujazaji husimama, na vikombe vyote hubaki vitupu. Mwalimu aliyechapa mtihani kwa saa mbili bila kuuhifadhi hawezi kuurudisha kwa ujuzi wa fundi yeyote, kwa sababu mtihani ule ulikuwa mezani tu. Haukuwahi kufika kabatini. Kitendo cha kuhifadhi ni kunakili taarifa kutoka kwenye RAM kwenda kwenye diski. Programu nyingi za kuandikia siku hizi hunakili zenyewe kila baada ya dakika chache, lakini si zote, na dakika hizo chache nazo hupotea.

RAM ikiwa ndogo, mashine hutumia sehemu ya diski kama meza ya ziada. Kwa kuwa diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kompyuta huonekana kuganda huku taa ya diski ikimweka bila kukoma. Kuongeza kijiti cha RAM katika hali hiyo hufaa kuliko kununua kichakataji kikubwa. Ila vijiti vina vizazi: DDR3 hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2 na DDR5 volti 1.1, na pengo la chini ya kijiti huhamishwa kwa makusudi ili cha kizazi kimoja kisiingie kwenye tundu la kingine. Kijiti kisichoingia kisisukumwe kwa nguvu.

Mguso kati ya kijiti na tundu ni sehemu dhaifu. Mahali penye unyevu na vumbi mguso huo huchafuka, na kompyuta huwaka kwa feni na taa lakini skrini hubaki nyeusi. Mafundi wengi hukichomoa kijiti, husugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, hupangusa na kukirudisha. Ni tiba ya kienyeji inayofaulu mara nyingi kuliko inavyostahili.

Hifadhi

Diski hutunza taarifa hata umeme usipokuwepo. Kwa miongo mingi aina kuu ilikuwa diski ngumu ya sumaku. Ya kwanza kuuzwa, ya kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, ilijaza nafasi ya kabati kubwa na ilibeba megabaiti 5 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo inaweza kujaza kiasi hicho.

Ndani ya diski ngumu mna sahani laini zilizopakwa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea kilicho kwenye ncha ya mkono hupita juu ya sahani bila kuigusa, kikielea kwenye utando wa hewa mwembamba mno, wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu ni mnene maelfu ya mara kuliko pengo hilo. Diski ikianguliwa au kutikiswa vikali huku inazunguka, kichwa hugonga sahani na kukwaruza sumaku pamoja na taarifa zilizoandikwa juu yake. Sauti ya "tik, tik, tik" inayojirudia ni dalili kwamba kichwa kinashindwa kusoma. Diski ya namna hiyo izimwe mara moja, kwa kuwa kila mzunguko unaweza kuongeza mkwaruzo.

Kwa sababu kichwa huelea juu ya hewa, diski nyingi za kawaida si chombo kilichozibwa kabisa. Zina tundu dogo lenye chujio la kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Hewa ikiwa nyepesi mno kichwa hushuka. Watengenezaji wa diski nyingi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilele vya Usambara havifiki mita 2,500, hivyo diski hufanya kazi Lushoto na Rangwi bila shida. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ingekuwa nje ya kikomo hicho.

Aina ya pili ni SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Hutunza biti kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya seli zilizozungushiwa kihami, ambazo hazivuji haraka kama vikombe vya RAM. Teknolojia hiyohiyo imo katika flashi na kadi za simu. Diski ngumu ya kawaida husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya bei nafuu hufikia 500 na zaidi. Tofauti kubwa, hata hivyo, iko katika kutafuta vipande vidogo vilivyotawanyika, kwa kuwa SSD haina mkono wa kusogeza. Kompyuta ya miaka kumi iliyopita ikibadilishiwa diski ngumu na kuwekewa SSD huonekana kama imezaliwa upya. Udhaifu wa SSD ni wa namna nyingine: kila seli huandikwa idadi fulani ya mara kisha huchoka, na ikifa inaweza kufa ghafla bila kutoa sauti yoyote ya kuonya.

Flashi ni chombo cha kubebea kazi kutoka mashine moja kwenda nyingine. Kuifanya mahali pekee pa kutunzia matokeo ya wanafunzi au hesabu za kikundi ni hatari, kwani hupotea mfukoni na seli zake huwa za daraja la chini.

Umeme na joto

Umeme wa gridi nchini Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, unaobadili mwelekeo mara kwa mara. Sehemu za kompyuta hutaka umeme wa mwelekeo mmoja wenye volti ndogo: 12, 5 na 3.3. Kazi ya kubadili hufanywa na kigavi cha umeme, ambacho wengi hukiita powasaplai, sanduku la chuma lenye feni nyuma ya kompyuta. Katika laptopu kazi hiyo hufanywa na chaja.

Baadhi ya vigavi vya zamani vina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani, iwe ya mtumba au ya msaada, inaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo kwenye umeme wa Tanzania hulipuka kwa mshindo na harufu ya kuungua, kabla mwenyewe hajaona hata picha moja. Swichi hiyo itazamwe kabla ya waya kuguswa ukutani.

Umeme unaopanda na kushuka hukichosha kigavi polepole. Kapasita zake, vikopo vidogo vya mviringo, huvimba kichwani na mwishowe huvuja. Kompyuta isiyowaka kabisa, isiyo na taa wala feni, huwa na kosa hapo mara nyingi zaidi kuliko kwenye kichakataji. Kifaa cha kusawazisha volti husaidia. UPS, ambayo ina betri ndani, husaidia zaidi kwa kuwa humpa mtumiaji dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachoaminika mbele ya radi. Katika maeneo ya milimani kinga ya uhakika wakati wa radi ni kuchomoa waya wa umeme ukutani pamoja na waya wa mtandao kama upo, kwa sababu radi huingia pia kwa njia hiyo ya pili ambayo wengi huisahau.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hugeuka joto. Kichakataji huvalishwa bamba la chuma lenye mapezi na feni juu yake, na kati yao hupakwa dawa maalumu inayopitisha joto. Joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kichakataji hupunguza kasi chenyewe na mwisho huizima mashine. Hivyo kompyuta inayojizima baada ya dakika 20 za kazi, kisha huwaka tena ikipoa, kwa kawaida ina vumbi lililoziba mapezi au dawa iliyokauka. Vumbi likisafishwa, kwa brashi laini na mashine ikiwa imechomolewa, tatizo huisha.

Ubaridi wa Usambara ni rafiki wa kompyuta kwa upande huo, ila una mtego wake. Laptopu iliyolala kwenye baridi ya Rangwi ikishushwa hadi Tanga, kwenye hewa ya joto na unyevu wa bahari, inaweza kupata umande ndani kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Isubiriwe ipate joto la chumba ndipo iwashwe.

Vifaa vya kuingizia na kutolea

Chini ya vitufe vya kibodi mna mistari ya umeme iliyopangwa kama nyuzi za mkeka, safu na nguzo. Kitufe kikibonyezwa hugusanisha safu moja na nguzo moja, na kibodi hutuma namba ya makutano hayo. Kwa hiyo herufi kadhaa zikiacha kufanya kazi kwa pamoja, si kwamba vitufe vyote vimekufa siku moja. Ni mstari mmoja umekatika. Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na wenzake mwaka 1964, kilikuwa cha mbao. Cha leo hupiga picha ndogo za meza mamia au maelfu ya mara kwa sekunde na kuzilinganisha, ndiyo maana hutangatanga juu ya kioo kitupu.

Skrini ni gridi ya nukta. Iliyo ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600, na kila nukta ina vipande vitatu vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Printa, spika, kamera na skana hufuata kanuni hiyohiyo ya kugeuza kitu cha nje kuwa namba au namba kuwa kitu cha nje.

Kompyuta inavyowaka

Kitufe cha kuwasha kikibonyezwa, kigavi hutoa umeme na kusubiri volti zitulie. Kichakataji huanza kusoma programu ya BIOS au UEFI kwenye ubao mama, nayo hukagua kama RAM, skrini na diski zipo. Ikikosa RAM haiwezi hata kuandika ujumbe kwenye skrini, hivyo mashine nyingi hulia milio maalumu au kumwekesha taa. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Ukaguzi ukiisha, hutafutwa mfumo wa uendeshaji kwenye diski na kunakiliwa katika RAM.

Mfuatano huo ndio ramani ya kutafutia kosa. Hakuna taa wala feni: tazama soketi, waya na kigavi. Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi: tazama waya wa skrini, kisha RAM. Jina la mtengenezaji linaonekana lakini unafuata ujumbe kwamba hakuna diski: kosa liko kwenye diski au waya wake. Picha ya mfumo wa uendeshaji inaanza halafu inakwama: huenda maunzi ni mazima na programu ndiyo iliyoharibika.

Kompyuta nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa ya kutumiwa na idara, si ya mtu mmoja mezani. Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo wakati IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981 na ofisi za nchi nyingine zikaanza kuzizoea, Watanzania wengi hawakuwa wameona hata kibodi. Marufuku ililegezwa polepole baadaye. Wako wanaosema ililinda fedha za kigeni, na hoja hiyo ina uzito kwa hali ya wakati ule. Lakini kizazi kizima cha walimu kilifundisha na kustaafu bila kugusa mashine ambayo wanafunzi wao walikuja kuitegemea.

Taarifa baada ya mashine kufa

Ubao mama au kigavi kikiungua, diski kwa kawaida hubaki nzima. Fundi huweza kuichomoa na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa kubadilishia kuwa USB, na mafaili yote yakasomeka, ilimradi hayakufungwa kwa nywila ya usimbaji. Mtu anayeambiwa kwamba kompyuta haitengenezeki anaweza kudai diski yake kabla ya kuiacha mashine dukani.

Jambo hilohilo lina upande wa pili kwa anayeuza au kugawa kompyuta iliyotumika. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka huondoa tu anwani ya faili katika orodha ya diski. Biti zenyewe hubaki mahali pake hadi zitakapoandikwa juu, na programu za kurejesha mafaili zinazopatikana bure huweza kuzisoma. Barua, picha na nakala za vitambulisho zilizofutwa jana zinaweza kufunguliwa na mnunuzi kesho. Diski ngumu ya sumaku husafishwa kwa kuandikwa sifuri mwanzo hadi mwisho, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa, na SSD kwa amri maalumu ya kujifuta iliyowekwa na mtengenezaji wake. Diski mbovu isiyokubali kuandikwa hutobolewa au kuvunjwa kabla ya kutupwa.